Chini ya Mahameli Nyekundu

Tulikuwa tunaanua tanga la Siwema, kule Kilambo, nyumbani kwake karibu na kivuko. Wanawake tulikuwa ndani, tumekaa kwenye mikeka, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya vitunguu, na mazungumzo yalikuwa yameshaacha kuwa ya msiba, kama yanavyokuwa siku ya mwisho. Mwanamke mmoja aliyewahi kukaa mjini, Chikongola, akaanza kucheka peke yake. “Jamani, mnamkumbuka yule farasi wa Bwana Likwata?” akasema. “Mji ulikuwa na raha enzi hizo! Bwana harusi anapita juu ya farasi, tandiko jekundu, nyuzi za dhahabu zinaning’inia, vigelegele nyuma! Siku hizi kuna nini? Magari na kelele tu.” Wenzake wakaitikia, kila mmoja akaongeza harusi aliyoiona. Kisha mmoja akakumbuka kwamba tandiko lile lilitengenezwa nyumbani kwao marehemu, na wote wakanigeukia, kwa sababu walijua mwaka ule nilikuwa nikiishi pale. “Mama Rukia, si na wewe ulishona?” Nikasema ndiyo, nilishona. Kisha nikainuka, nikaenda uani, nikateka maji kwenye pipa, nikanawa uso. Kwa umri huu, mjukuu wangu mkubwa yuko sekondari, na bado nikikumbushwa harufu ile nainuka nilipokaa. Na wao hawakuitaja harufu. Walitaja nyuzi za dhahabu. Nilipotupa macho upande wa wanaume nikamwona Bwana Likwata mwenyewe, mzee sasa, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama, ameketi kiti cha mbele na analetewa chai kabla ya ndugu wa marehemu. Alikuwa anapuliza chai yake na kutikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba Siwema alikuwa mtu wake. Niliporudi ndani nilishika tena kisu cha vitunguu. Niliyoyanyamazia pale nayasema hapa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nikawa nakaa Likombe kwa shangazi yangu Mwanahawa. Chumba nilicholala na Siwema, binti yake, kilipakana na karakana ya mumewe, Mzee Chande, ambaye mimi nilimwita mjomba. Ukuta kati yetu na karakana ulikuwa wa udongo wenye nyufa, kwa hiyo tulisikia kila nyundo na kila mteja. Mzee Chande alikuwa fundi wa magodoro na viti. Alijaza magodoro kwa sufi na usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, alishona upya viti vya magari, alivalisha viti vya baiskeli. Vumbi la sufi lilituingia puani, lilikaa kwenye chandarua, na asubuhi lilielea juu ya uji. Shangazi alikuwa akilitoa kwa kidole, akilipangusa kwenye khanga yake, kisha anatugawia vikombe. Alikuwa mwanamke wa kunyamaza. Siwema alikuwa kinyume chake: mrefu, mwenye shingo iliyonyooka, anayeuliza “kwa nini” mpaka mtu anachoka. Mimi na yeye tulikuwa tumepishana mwaka tu, na tulilala kitanda kimoja.

Farasi alikuja msimu wa mabibo. Anayetoka kwetu anajua hewa ya wakati huo: korosho zimeokotwa, mabibo yameachwa chini ya mikorosho, yameoza, yamechacha, nzi wamejaa mpaka unakula ukipunga mkono. Bwana Likwata alikuwa akikodisha viti, maturubai na masufuria ya harusi pale Chikongola. Mgeni mmoja alikuwa anafunga hoteli yake ya ufukweni na kuondoka nchini. Likwata akamnunua farasi wake kwa wazo la kumkodisha kwa mabwana harusi. Yule mgeni aliondoka na matandiko yake ya ngozi, kwa hiyo farasi alifika kwetu mtupu, na kamba ya katani shingoni, rangi ya kahawia, macho makubwa yenye maji. Likwata alimpa jina Sultani. Hakuwa na mahali pa kumweka, akamfunga kwenye banda nyuma ya karakana yetu, ili, alisema, fundi apate kumpima wakati wowote. Alimwekea Mzee Chande mezani ukurasa uliochanwa kwenye kalenda, picha ya mwanamfalme wa nchi fulani ya jangwani, juu ya farasi mweupe. “Nataka hivi hivi,” akasema. “Nyekundu. Ing’ae. Mtu akiona tu amtamanie binti yake bwana harusi wa namna hii.”

Kazi ile mwanzoni ilitufurahisha. Hapakuwa na ngozi wala mtu aliyewahi kutengeneza kitu kama hicho, na kila siku Mzee Chande alirudi kutoka mjini na kitu kipya cha kujaribu. Mikanda ya gari bovu ikawa mkanda wa tumboni na vigwe vya kuongozea. Vikuku vya kukanyagia aliviunga kwa chuma cha baiskeli. Kwa hatamu ya kichwani alikata mpira wa ndani wa tairi la lori, akaufunika kwa kitambaa chekundu, na sisi tukashonea vishada vya pazia. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, alikipeleka kwa mchomeleaji, akakunjiwa kipande cha nondo, na hakikupigwa tupa vizuri. Tandiko lenyewe alilijenga juu ya mbao za kitanda kilichovunjika, akazipigilia mfano wa kibao cha kukalia. Alimpima farasi kwa macho, akiwa hatua kadhaa nyuma, kwa sababu alimwogopa. Juu ya mbao aliweka sponji nene, nzuri, ya godoro jipya, maana hapo ndipo atakapokaa mtu. Chini, kwenye mgongo wa mnyama, aliweka gunia. Kisha tukavisha vyote mahameli nyekundu, kile kitambaa chenye manyoya laini, na Siwema akatarizi nyota pembezoni. Lilikuwa zuri. Majirani walikuja kuligusa. Hata mimi, nikifumba macho, bado naona lilivyong’aa, na hapo ndipo ninapochukia zaidi.

Harusi zilikuwa nyingi, korosho zilikuwa zimelipa. Kila mwisho wa wiki Sultani alitolewa asubuhi na mtu wa Likwata, akarudishwa jioni akiwa na povu mdomoni, na povu lile lilikuwa na damu. Siwema alimwonyesha Likwata. Likwata akachungulia, akasema, “Meno yanaota.” Siwema akauliza, “Farasi mzima anaota meno?” Baba yake akamkata jicho. Muda si mrefu tukaanza kunusa kitu karakana, tukadhani ni panya aliyekufa ndani ya magodoro. Tukahamisha kila kitu, tukafagia, hatukupata panya. Siku moja Siwema akamtoa Sultani tandiko badala ya yule mtu, na gunia la chini halikutoka. Lilikuwa limegandana na ngozi. Akalivuta taratibu, na chini yake, pale shingo inapokutana na mgongo, palikuwa na shimo la kuingia ngumi. Mbao zilikuwa zimekaa juu ya mfupa siku zote hizo na kula. Usaha ulitoka kama maziwa yaliyoganda. Ndani yake vitu vyeupe vilikuwa vinatembea.

Tukamwita Mzee Chande. Alisimama mlangoni mwa banda, ameziba pua kwa kofia yake, akaangalia, akaangalia pembeni. Nilidhani atasema tandiko livunjwe. Akasema, “Ongezeni pamba.” Likwata alipoambiwa, naye akasema hivyo hivyo, ila yeye akaleta na marashi. Ndipo ikaanza ile kazi ambayo mpaka leo mikono yangu inaikumbuka. Kila harusi, kabla farasi hajatolewa, kidonda kilijazwa pamba, gunia likawekwa, tandiko likafungwa, kisha Likwata mwenyewe anakuja na chupa, anamnyunyizia mnyama marashi shingoni na kiunoni, na anamfukizia udi kwenye chetezo kama bibi harusi. Bwana harusi anapanda, anatabasamu. Jioni tunatoa pamba. Kwa nje inanukia waridi. Kwa ndani... siwezi. Nimeolewa, nimezaa, nimeosha maiti za ndugu zangu, na hakuna kilichowahi kunikaa puani kama waridi na usaha pamoja. Mpaka leo nikialikwa harusi nikanusa marashi natafuta mlango. Shangazi ndiye aliyefua. Alikaa kwenye kigoda uani, akasugua magunia na kingo za mahameli, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, akayamwaga mbali kwenye mihogo, akateka mengine. Nilikuwa namkasirikia kwa kunyamaza kule.

Ijumaa moja Likwata alikuja kula baada ya swala. Shangazi alipika wali na pweza wa nazi, tukapeleka karakana, tukarudi chumbani kwetu kusuka ukili wa mikeka. Tulimsikia anavyokula. Alifyonza vidole kimoja kimoja, akashukuru, akacheua. Kisha akaanza kumzungumzia Sultani. “Mwanzoni alinisumbua, Chande. Anageuza kichwa, anakataa kupandwa. Sasa hata umkanyage hageuki. Wanyama wanazoea.” Mjomba akacheka, kile kicheko cha fundi anayecheka na mteja. Kisha nikasikia kijiti kinachokonoa meno. “Na huyu binti yako,” akasema. “Naona anatembea kama ana mali. Mimi sichukii. Wake zangu wa nyumbani nao walikuja na shingo ndefu hivyo hivyo.” Akacheka. “Nitaleta wazee baada ya Idi. Atazoea tu.” Tulingoja Mzee Chande aseme kitu. Alisema, “Karibu sana, Bwana Likwata. Hii ni nyumba yako.”

Siwema alikuwa ameshika ukili mkononi, hausuki. “Somoe,” akaniita, “umesikia?”

“Nimesikia.”

“Ananinukia hapa nilipo,” akasema. “Ukuta upo katikati na ananinukia.”

Usiku ule hakula, na tangu siku hiyo hakusema na baba yake. Alimwekea maji ya kunawa, alimpelekea chakula, lakini mdomo wake aliufunga. Mzee Chande mwanzoni alidhani ni haya ya kike.

Ramadhani iliingia, na Ramadhani hakuna harusi. Likwata hakuonekana. Siwema akaamua kwamba mwezi ule Sultani atapona, na akaamua kumtengenezea matandiko mengine, yetu wenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa. Kila asubuhi tulichemsha maji ya chumvi na majani ya mwarobaini, tukaosha kile kidonda, tukatoa mabuu kwa kijiti. Tulikuwa tumefunga. Tumbo tupu, jua kali, na harufu ile. Nilikuwa naenda nyuma ya banda, nainama, nauma khanga, najizuia kwa nguvu zote nisitapike saumu yangu ikaharibika, narudi, naendelea. Siwema hakuwa akiinama. Alikuwa akilia huku anaosha, machozi yanamdondoka kidevuni, na mkono wake unaendelea. Sultani naye alisimama. Angeweza kutuua kwa teke moja. Aliegemeza kichwa chake kizito kwenye ukuta wa karakana, akafumba macho.

Usumba tulioutaka, ule mrefu na laini, ulikuwa kwa Bibi Atija. Yeye alitoka ng’ambo ya Ruvuma wakati wa vita vya kule, akabaki, akawa analima mihogo na kutengeneza makumbi. Makumbi yake aliyafukia kwenye tope la mikokoni mpaka yaoze, kisha anayafukua na kuyaponda kwa gongo. Ukitaka kujua uozo mwingine, simama pale anapofukua. Tope jeusi, mapovu, harufu ya yai viza inakupiga usoni. Siwema alimsimulia habari za farasi, na Bibi Atija akaendelea kuponda. “Usumba nitakupa,” akasema. “Lakini mimi siji huko kuona jitu lenu hilo. Nnyama nkubwa namna hiyo, anakula nini? Akifa ntanzika wapi?” Tulicheka, ndiyo mara pekee ninayoikumbuka tulicheka mwezi ule. Kisha akamtazama Siwema sana. “Na wewe ntoto, unaolewa na mwenye nnyama?” Siwema akasema hajaolewa na mtu. Bibi akampa fungu jingine juu ya lile la kwanza.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa baya. Tulishona mto mmoja mpana wa gunia, tukaujaza usumba, tukamfunga nao Sultani. Hatukuwa tumeuosha usumba vizuri, ulikuwa bado na chumvi ya bahari, ukamwasha, akajikuna kwenye nguzo mpaka banda likayumba, na mto ukazunguka ukaning’inia chini ya tumbo kama mtoto aliyebebwa vibaya. Tukaanza upya. Tuliosha usumba kwa maji ya kisima, tukauanika, tukauchambua nyuzi kwa nyuzi. Magunia tulichagua ya zamani yaliyolainika, tukayafua, tukayashona mara mbili. Siwema alipapasa mgongo wa Sultani kwa kiganja, polepole, akitafuta wapi anashtuka na wapi hashtuki, na mwisho akaacha wazo la mto mmoja. Tulitengeneza mito miwili mirefu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati tukaacha mfereji, mfupa usiguswe na kitu. Tuliiunganisha kwa ukili uliosukwa mara nne, mpana kama kiganja. Kuzuia isirudi nyuma tulimpitishia kifuani mpira wa baiskeli uliozungushiwa khanga kuukuu ya Shangazi. Hatamu tulisuka kwa kamba ya makumbi iliyolainishwa, bila chuma, inashika pua tu na shavu. Ilikuwa haina rangi. Ilifanana na kitu kilichookotwa. Siku tuliyomfunga, Siwema alipanda kigoda, akajilaza juu ya Sultani kwa tumbo, kisha akakaa. Tulingoja. Sultani akapiga hatua, akapiga nyingine, akazunguka ua, na masikio yake yakaenda mbele. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Alitazama mpaka Siwema aliposhuka. Kisha akaja, akaingiza mkono wake chini ya mito ile, akapapasa, akautoa, akaunusa. Akarudi jikoni.

Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukaingia, Idi ikapita, harusi zikarudi. Kidonda kilikuwa kimefunga kwa juu, ngozi ya rangi ya waridi, nyembamba. Likwata alikuja, akaona matandiko yetu yametundikwa, akayashika kwa ncha za vidole. “Hii ni nini? Mnambebesha mihogo?” Siwema akamwambia, kwa heshima kabisa, kwamba lile jekundu linamuumiza, na hili tunaweza kulifunika mahameli ile ile, hakuna atakayejua. Likwata alimtazama usoni, si kwenye macho, chini ya macho, akatabasamu. “Una huruma,” akasema. “Vizuri. Mke awe na huruma.” Kisha akamwagiza mtu wake alete lile jekundu. Harusi ya kwanza ngozi ikachanika. Harusi zilizofuata tukarudi kwenye pamba, marashi, udi. Ilikuwa kana kwamba Ramadhani haikuwepo. Siwema alimfuata baba yake karakana, akasimama mbele yake bila kusema, akanyoosha mikono yote miwili aione ilivyo na usaha. Baba yake akaendelea kushona godoro.

Siku ya posa ilikuwa mwezi huo huo. Mposaji hendi mwenyewe, kila mtu kwetu anajua, huenda wazee kumsemea. Likwata alikuja juu ya farasi. Alimchukua asubuhi, akavaa joho, akaja na wapiga ngoma za matwari nyuma na wazee wanne waliokuwa wanaona aibu wazi wazi, na sheikh wa mtaa. Wanaume wakaketi kwenye mikeka barazani. Sultani akafungwa kwenye mkorosho mbele ya nyumba, na tandiko lake, na marashi yake. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia. Siwema alikuwa amekaa chini, kichwa katikati ya magoti. Sheikh akaanza kwa dua, wazee wakaanza maneno yao ya ua na bustani, Mzee Chande anaitikia. Nilimtafuta Shangazi kwa macho nikamkosa.

Alikuwa nje. Alipita kwa mlango wa uani, akazunguka nyumba, akaja mbele, amejitanda khanga vizuri, na beseni la maji mkononi. Akaweka beseni chini. “Baba Siwema,” akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, “naomba ruhusa nimtue mgeni wenu mzigo. Amesimama na jua.” Mzee Chande alifungua mdomo. Likwata akasema haina haja, shemeji. Shangazi alikuwa ameshafungua mkanda. Alishika tandiko kwa mikono miwili, akalivuta, halikutoka, akalivuta tena, na tukasikia sauti ya kitu kinachochanika ambayo sitaieleza. Sultani akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia analia. Tandiko likaanguka kichalichali, upande wa gunia ukiangalia juu, mbele ya mikeka ya wazee, na pamba ikaanguka nayo, na vilivyokuwa ndani ya pamba vikaanza kutambaa kwenye mahameli, kwenye nyota alizotarizi Siwema. Harufu ikafika barazani. Sheikh akavuta kilemba akaziba pua. Mzee mmoja aliinuka, akaenda kwenye ua wa matete, tukamsikia anatapika. Nzi wa kijani walikuja kutoka sijui wapi.

“Haya mimi ndiye ninayeyafua,” Shangazi akasema. “Huyu anamlisha mnyama wake. Anampaka marashi. Anamfukizia udi. Ndivyo atakavyomtunza na mwanangu, na mimi ndiye nitakayeletewa kumfua. Simtoi.”

Likwata akamgeukia Mzee Chande. “Unamruhusu mkeo aseme hivi mbele ya watu?”

Mzee Chande alikuwa anaangalia tandiko. Sheikh ndiye aliyesema, kupitia kitambaa cha kilemba: “Mama mtu amesema, Bwana Likwata. Posa haina lazima. Twendeni.” Wakaondoka kwa miguu, wapiga matwari wamekumbatia matwari yao kimya, na Likwata nyuma, ameinua pindo la joho lisiguse kilichomwagika. Hakumchukua farasi. Shangazi aliinama, akaanza kuosha kidonda pale pale mbele ya nyumba. Siwema akatoka nyuma ya pazia, akapiga magoti karibu yake.

Ningependa kuandika kwamba Sultani alipona. Masika yalikuwa yamekolea, nzi wakali wa porini walikuwa wengi, na mnyama yule hakuwa na kitu cha kupigania tena. Alikuja kuvimba miguu, akaacha kula, asubuhi moja tukamkuta amelala kwa ubavu, shingo imenyooka. Hata kabla ya adhuhuri mtu wa Likwata alikuwa ameshafika, sijui nani aliyempelekea habari. Alisimama mbali na banda. “Bosi anasema,” akaanza, “anasema farasi ni wake. Anataka ngozi. Mmchune, mumwekee ngozi yake.” Siwema alimwangalia mpaka yule mtu akaangalia chini. “Mwambie aje mwenyewe,” akasema. “Aje na kisu chake, apige magoti hapa, amchune kwa mikono yake.” Yule mtu akaondoka. Likwata hakuja, na sisi hatukutaka kungoja abadili nia.

Tulichimba nyuma ya mihogo, mimi, Siwema na Shangazi. Ardhi ilikuwa imelowa kwa juu, chini ngumu. Bibi Atija, aliyeapa hatakuja kumwona, alikuja na jembe lake, akamwangalia yule mnyama aliyekufa, akasema, “Alikuwa nkubwa kweli,” akaanza kuchimba. Jua lilipanda, harufu ikaanza, tukachimba khanga zimetufunga pua. Tulikuwa tumefika kiunoni Mzee Chande alipotoka karakana. Tangu siku ya posa alikuwa anakula peke yake, na hakuna mteja wa maana aliyebaki, Likwata alikuwa ameshahakikisha hilo mjini. Alikuja mpaka ukingoni, akasimama. Nilidhani atatukaripia. Akavua kofia yake, akaiweka kwenye shina la muhogo, akashuka shimoni, akachukua jembe mkononi mwa Siwema.

Alichimba muda mrefu bila kuinua kichwa. Upepo ulipogeuka, ukaleta ile harufu moja kwa moja shimoni, akaacha jembe, akainamia ukuta wa udongo na kutapika. Tulimwacha. Akafuta mdomo kwa mkono, akashika jembe tena.

“Baba,” Siwema akasema. “Toka upumzike. Limetosha.”

Mzee Chande alisimama, akapima shimo kwa macho, kisha akapanda ukingoni, akaenda mpaka alipolala Sultani. Safari hii hakusimama mbali. Alipiga magoti, akashika mguu wa mbele kwa mikono miwili, akaunyoosha wote kando ya mwili.

“Bado, mwanangu,” alisema. “Miguu yake ni mirefu.” Akarudi shimoni.